Patreon: ninachokilipia ni mtu, apu yenyewe ya kawaida tu

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda apite zake: Patreon kama apu ni ya kawaida, kuna siku inachosha, ila kama njia ya kumshika mkono mtu ambaye kazi yake unaipenda na unataka aendelee kuifanya mpaka azeeke, mi bado naitetea. Nyota nne kwa tano. Hiyo moja niliyokata nitaifikia huko chini kwa sababu inahusu hela, na kwenye hela ndo tunajuana.

Kwa asiyeijua ni hivi. Mtu anayetengeneza kitu (wanamwita krieta), iwe podikasti, muziki, katuni, masomo ya hesabu, hadithi, anafungua ukurasa wake pale, anaweka ngazi za malipo, wewe unachagua ngazi unayoiweza, kadi inakatwa kila mwezi, yeye anapata sehemu kubwa na kampuni inakula asilimia yake, basi. Ilianzishwa 2013 kule San Francisco na Jack Conte pamoja na Sam Yam, walifahamiana tangu wakiwa chuo Stanford, na huyu Conte ni mwanamuziki kabisa, alikuwa katengeneza video moja ya muziki yenye maroboti na seti waliyoijenga kwa mikono, akazimaliza kadi zake za mkopo kwenye hiyo kazi, alafu akakaa chini kupiga hesabu ya matangazo ya YouTube akaona kitakachorudi ni kichekesho. Watu wanaangalia, wanalaiki, wanakomenti "kaka unatisha", na hela ya seti inayofuata haipo. Ndo likaja wazo kwamba watu wachache wanaomfuata mtu kwa dhati, kila mmoja akichanga kidogo kila mwezi, wanamtunza vizuri kuliko halaiki ya wapita njia.

Sasa shida inaanzia hapa. Watu wengi wanaingia Patreon na akili ya dukani, nimetoa hela nipewe mzigo, na wakiingia hivo wanatoka wamenuna. Na makrieta nao wanawachochea, utakuta mtu ana ngazi sita, ngazi ya kwanza anakushukuru, ya pili jina lako linapita mwisho wa video kwa maandishi madogo kama masharti ya mkataba, ya tatu unapiga kura video ijayo iwe ya nini, ya nne stika, ya tano anakutumia kadi aliyoiandika kwa mkono, ya sita mnaongea naye kwa video mara moja kwa mwezi. Nimemfuata mchoraji mmoja wa katuni aliyeanza hivo. Mchoraji mzuri balaa, mistari yake ukiiona unajua ni yeye hata bila jina, lakini kila mwezi wiki nzima inaishia kwenye kufunga bahasha na kuandika anwani na kujibu "ya kwangu haijafika", na katuni zenyewe zikaanza kuchelewa, yaani tulimlipa ili achore tukamgeuza karani wa posta. Baadaye akafuta ngazi zote akabakisha moja tu, akaandika kwamba kuanzia sasa mkinilipa mnanilipa nichore na mkiona haitoshi naelewa. Kuna walioondoka. Mi nilibaki na katuni zikarudi kuwa nyingi, na nikikuambia nilifurahi kuliko ile stika utaamini.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni chukua ngazi ya chini kabisa ya mtu unayemkubali, usiangalie zawadi. Zawadi ya kweli ni kwamba mwakani bado yupo.

Lakini nani anafaa kufuatwa hivo? Hili ndo swali ambalo apu haikusaidii hata kidogo, na mi nimepata kipimo changu kwenye kitu kimoja ambacho wengi hawakijui kwa sababu kiko upande wa krieta. Patreon inamruhusu krieta kusimamisha malipo ya mwezi. Anaingia kwenye mipangilio yake, anasimamisha, na kwa mwezi huo wanachama wake hawakatwi, ila wote wanabaki wanachama. Hakuna anayemlazimisha. Angenyamaza tu hela ingeingia kama kawaida, na wengi wetu tusingegundua kwa sababu nani anakaa anahesabu makato madogo madogo ya kadi. Kwa hiyo hicho kitufe ni mahali ambapo mtu anachagua peke yake, bila kuonwa, kati ya hela na uaminifu kwa wanaomwamini.

Kuna dada mmoja namfuata, anafanya podikasti ya historia ya ramani, jinsi watu wa zamani walivyoichora dunia kabla hawajaiona, kitu ambacho ukinisimulia ningesema kitanilaza usingizi lakini yeye anakupeleka taratibu mpaka unajikuta unabishana na mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita. Mwezi mmoja akaweka posti fupi: mama anaumwa, sina kipindi mwezi huu, nimesimamisha malipo, naomba msiniandikie sana kwa sababu nitataka kuwajibu wote na sina nguvu. Mistari mitatu minne hivi. Chini yake watu wanauliza tunaweza kulipa kwa njia nyingine, tunaomba utuachie tulipe, na yeye kimya, kasema kasema. Aliporudi hakutoa maelezo marefu wala hakupiga magoti kuomba radhi, akaweka kipindi, kizuri, kazi ikaendelea. Mi nikapanda ngazi mwezi huohuo na naamini sikuwa peke yangu. Mtu kama yule ukimfuata hujapotea.

Na upande wa pili, kuna kaka wa masomo ya gitaa, simtaji, naye nilikuwa mwanachama wake. Alinyamaza miezi. Makato yakaendelea. Wanachama wanauliza kwa upole kabisa kaka uko salama, hakuna jibu, alafu siku moja anaibuka na picha ya amplifaya mpya na maneno "kitu kikubwa kinakuja, kaeni mkao". Hakuna pole, hakuna maelezo, hakuna somo. Kilichoniudhi zaidi ya yeye ni wale waliomkimbilia kumtetea, mwacheni msanii apumue, hamjui anapitia nini, kama umechoka ondoka. Kupumua apumue, nani kamkataza, tunachosema ni kwamba mtu anayepumua na kitufe cha kusimamisha malipo kiko pembeni yake na hakigusi, huyo ametuambia tayari sisi ni nani kwake. Nikajitoa. Na hapa niisifu Patreon, kujitoa ni rahisi, hakuna kupigiwa simu wala kuzungushwa, unaulizwa sababu, unachagua, basi, na ulichokilipia unaendelea kukiona mpaka kipindi chako kiishe.

Zamani kulikuwa na mtindo mwingine nilioupenda zaidi, kulipa kwa kila kazi badala ya kila mwezi, krieta asipotoa kitu hukatwi, akitoa unakatwa, na unaweka kikomo chako cha mwezi ili asije akatoa kazi kumi ukafilisika. Kwangu huo ulikuwa wa haki kuliko wote. Mwaka 2024 Patreon ilitangaza inaelekea kuuacha kwa sababu mfumo wa malipo wa Apple hauupokei. Inauma, ila hii habari ya Apple ni ndefu, subiri.

Nitoke nje kidogo ya mada, au labda siyo nje. Kila nikiona mtu anasema hii mambo ya kumlipa msanii kila mwezi ni uvivu wa kizazi cha intaneti namkumbusha Beethoven, yule mtunzi wa muziki. Mwaka 1809 alikuwa anataka kuondoka Vienna, Jérôme Bonaparte, mdogo wake Napoleon aliyekuwa amewekwa kuwa mfalme wa Westphalia huko Ujerumani, alikuwa kampa kazi Kassel yenye mshahara mzuri. Wakubwa watatu wa Vienna, Rudolph mtoto wa kifalme aliyekuwa mwanafunzi wake, na Lobkowitz na Kinsky, wakakaa wakaandika mkataba wa kumlipa florini (pesa ya huko wakati ule) 4,000 kwa mwaka, maisha. Ukigawa ilikuwa Kinsky 1,800, Rudolph 1,500, Lobkowitz 700. Na masharti? Akae, asihame. Hakuna aliyedai stika, hakuna aliyedai jina lake lipite mwisho wa shoo. Kaa hapa ufanye kazi yako, njaa tutaishughulikia sisi.

Sasa tamu yake ni kilichofuata, maana hapo ndo unaona mfuasi na mfuasi. Mwaka 1811 serikali ya Austria ikaishusha thamani pesa ya karatasi mpaka moja ya tano, ile ahadi ikabaki mifupa. Rudolph akakubali kulipa sehemu yake kwa thamani iliyokusudiwa. Lobkowitz hali yake ya fedha ikamharibikia akasimamisha. Kinsky akaanguka kutoka kwenye farasi 1812 akafariki, na Beethoven akabaki anavutana na warithi mpaka wakaja kukubaliana 1815. Rudolph alilipa mpaka Beethoven anakufa 1827, miaka kumi na nane hiyo, na Beethoven naye akamwekea jina kwenye kazi zaidi ya 10, baadhi yake ni zile kubwa kabisa. Na tusidanganyane, Beethoven hakuwa mtu rahisi, alikuwa mkali, mwenye kinyongo, anachelewesha kazi, kuna misa aliyoianza kwa ajili ya sherehe ya Rudolph kuwa askofu mkuu 1820 na sherehe ikapita na misa haijaisha, ikaja kukamilika miaka kama mitatu baadaye. Rudolph hakukata malipo. Sasa mtu atanirukia, mbona kaka wa gitaa umemkata? Kwa sababu Beethoven alikuwa anaandika. Kuchelewa kwa sababu kazi imekuwa kubwa kuliko ulivyopanga, na kuchelewa kwa sababu hela inaingia hata usipofanya, ni ucheleweshaji wa aina mbili tofauti na mfuasi mwenye masikio anaisikia tofauti yake, huhitaji hata kuelezwa.

Turudi kwenye apu. Ndani unapata posti, sauti, video, kuna chati za wanachama, kuna meseji za moja kwa moja, na kwa wapenda podikasti kuna linki yako binafsi ambayo unaiweka kwenye apu yoyote ya podikasti unayoipenda na vipindi vya wanachama vinashuka huko kama vipindi vingine. Hii linki ni dhahabu, mi siku nyingi siifungui Patreon kabisa. Pia krieta anaweza kuunganisha na Discord, ile apu ya kuchati kwa makundi, ukilipa unafunguliwa mlango huko moja kwa moja. Kutafuta makrieta wapya ndani yake ni dhaifu, sijui kwa nini miaka yote hii bado dhaifu, watu karibu wote ninaowalipa niliwajua kwingine kwanza. Labda ndivyo inavyotakiwa, nani anaanza kumlipa mtu ambaye hajamsikiliza. Notifikesheni ni nyingi mno, ukijiunga tu ingia kwenye mipangilio uzime nusu yake.

Chati za wanachama nazo zina mambo. Ukimweka mtu anayependwa sana katikati ya watu waliomlipia, kuna wakati mapenzi yanachacha. Kwa yule dada wa ramani kulikuwa na mwanachama mmoja akaandika kwa adabu kabisa kwamba mwaka uliotajwa kwenye kipindi fulani umekosewa, akaeleza kwa nini. Heh! Walivyomshukia. Wewe nani, anzisha ya kwako, huyu dada anasoma vitabu vingapi kwa wiki, watu wengine hawana shukrani, yaani mtu kalipa hela yake na kasahihisha tarakimu anaambiwa hana shukrani. Sikujua dada yupo anasoma. Akaingia akaandika kwamba mwenzenu yuko sahihi, nimerudi kwenye chanzo nikaona nimesoma vibaya, kipindi kitarekebishwa, na akaomba wale waliomshambulia wafute maneno yao wenyewe kabla hajafuta yeye. Na kipindi kikarekebishwa kweli, kuna sentensi kairudia kurekodi unasikia hata sauti ya maiki imebadilika kidogo pale. Hicho ndo kipimo changu cha pili. Mtu wa kufuatwa anawazuia wafuasi wake wasimfanye mfalme. Ukikuta mahali ambapo kuuliza swali ni usaliti, hata kama kazi ni nzuri namna gani, mi nabaki msikilizaji wa bure, hela yangu siweki.

Haya sasa ile nyota. Desemba 2017 Patreon walitangaza kwamba badala ya krieta kukatwa gharama za kuchakata malipo, atakayekatwa ni mwanachama, asilimia 2.9 ya kila malipo pamoja na senti 35 za dola. Sikiliza hesabu. Anayemlipa mtu dola 1 sasa analipa dola 1 na senti 38. Ukiwa na watu kumi unaowapa dola moja moja, uliyezoea dola 10 unajikuta kwenye dola 13 na senti 80, na hiyo nyongeza haiendi kwa hata mmoja wa hao kumi. Anayempa mtu mmoja dola 100 wala hahisi sana. Yaani makato yalimlenga mfuasi mdogo anayegawa kidogo kidogo kwa wengi, yule yule ambaye kampuni nzima ilijengwa juu ya mgongo wake. Watu walijitoa kwa wingi, makrieta wakaanza kulia kwamba wanachama wanayeyuka mbele ya macho yao, na ndani ya wiki moja hivi Conte akaandika kuomba radhi na wakaufuta mpango wote kabla haujaanza kufanya kazi. Kuomba radhi nampa alama zake, wengi wangeng'ang'ana. Ila nyota ilikatwa pale na haijarudi, kwa sababu wazo lile kuna chumba lilipitishwa na watu wakatikisa vichwa wakasema sawa.

Makato yenyewe yamekuwa yakipanda. Mwanzoni ilikuwa asilimia 5. Mwaka 2019 wakaweka mafungu, 5, 8 na 12 kulingana na huduma ambazo krieta anazitaka, na kuanzia Agosti 2025 krieta anayeanza upya anakutana na asilimia 10 moja kwa moja, wale wa zamani wakabaki na zao. Juu ya hapo kuna gharama za malipo. Ukilinganisha na wengine bado si mbaya, Substack, wale wa majarida ya barua pepe, nao ni asilimia 10, YouTube kwenye uanachama wa chaneli wanakula asilimia 30, Ko-fi, wengine wa kuchangia makrieta, kwenye tipu za kawaida hawachukui kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia Patreon ni wezi mwambie apunguze, ila akikuambia wamesahau walikotoka kidogo, hapo mwache amalizie.

Kuna jambo la usalama pia nalitaja haraka. Mwaka 2015 walidukuliwa, data zikamwagwa mtandaoni, zaidi ya anwani za barua pepe milioni 2 zikiwemo. Paswadi zilikuwa zimefichwa vizuri na namba kamili za kadi walikuwa hawazihifadhi kwao, hilo liliokoa mengi. Imepita miaka mingi, ila tumia paswadi ya peke yake na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, inachukua dakika.

Kitu kinachonifanya nisiipende Patreon kupita kiasi, na nadhani nao wanakijua, ni kwamba mwanachama si wa kwao, ni wa krieta. Desemba 2018 Sam Harris wa podikasti, mmoja wa wenye akaunti kubwa kabisa pale wakati ule, alifunga akaunti yake akipinga jinsi kampuni ilivyowaondoa watu fulani, akahamia kwenye tovuti yake mwenyewe. Ukubali siasa zake au usikubali, angalia jinsi mambo yanavyoenda: mtu anabeba mkoba wake anatoka, na wanaomfuata wanatoka naye. Na Patreon kwa hili naisifu, inamwachia krieta anwani za barua pepe za wanachama wake, akiondoka hafungiwi nje ya watu wake kama ilivyo kwenye mitandao mingi ambako una wafuasi laki na huna namna ya kumfikia hata mmoja siku akaunti ikifa. Ukiniuliza kwa nini makrieta wazito bado wako pale wakati wana uwezo wa kuondoka, jibu langu ni kwamba wanaweza kuondoka. Mlango ukiwa wazi mtu anakaa kwa raha zake.

Nirudi kwa Apple kama nilivyosema. Agosti 2024 Patreon ilieleza kwamba Apple wanataka uanachama unaonunuliwa ndani ya apu ya iPhone upitie mfumo wao wa malipo, na kwenye mfumo huo Apple wanachukua asilimia 30. Krieta akapewa chaguo mbili, apandishe bei kwa wanaojiunga kupitia iPhone ili yeye apate kilekile, au aache bei ilivyo na maumivu ayale mwenyewe. Marekani mahakama ikaingilia 2025 kwenye kesi ya kampuni ya gemu Epic na Apple, ikawa apu inaruhusiwa kumwonyesha mtu njia ya kulipa nje, Patreon wakaisasisha apu yao ya huko. Sehemu nyingine hesabu ni ileile. Na hapa ndo nawashangaa wafuasi wenzangu, mtu anaandika komenti ndefu jinsi gani krieta fulani kabadilisha maisha yake, alafu anajiunga kwa kubonyeza palepale kwenye simu wakati kwa brauza ya simu hiyohiyo angejiunga kwa bei ya kawaida na karibu theluthi isingeyeyuka njiani. Ni dakika moja tu. Fungua brauza, ingia kwenye tovuti yao, mtafute mtu wako, lipa hapo, ukimaliza ndo urudi kwenye apu na akaunti ileile, kila kitu utakikuta.

Nani namshauri asijiunge? Anayetaka kitu kingi kwa hela kidogo, huyo YouTube ya bure inamtosha na si dhambi. Anayetaka krieta awe rafiki yake, huyo ataumia, hata zile ngazi za kuongea kwa video ni saa moja ya watu wengi na kila mtu anataka kuonwa. Na anayelipa watu wengi kuliko anaowasikiliza, huyo aingie leo kwenye orodha ya uanachama wake aiangalie taratibu, jina kwa jina, ajiulize huyu mara ya mwisho nimefungua kazi yake lini. Mi huwa napunguza. Hela inayobaki siirudishi mfukoni, naihamishia kwa mmoja wa wale waliobaki, kwa kawaida yule asiyeomba. Malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, ambayo makrieta wengine wanayatoa kwa punguzo, nayaweka kwa watu ambao tayari wamenionyesha wanafanyaje mwezi wao mbaya, kwa mtu mpya lipa mwezi mwezi kwanza hata kama punguzo linavutia.

Dada wa ramani sasa hivi yuko kwenye mfululizo wa ramani za bahari, vipindi vya mwanzo ni vya wote bila malipo, anzeni na kile cha kisiwa kilichochorwa kwenye ramani miaka na miaka na hakikuwepo.